Buletini Iliyomtangulia Neema Bukavu

Kila mara kijana akiniambia, "Mama Zaina, musisumbuke, iko mu telefone yangu," mimi ninaanza kumuomba Mungu. Ninajua kinachofuata. Atapapasa skrini, atashuka na kidole, atapanda na kidole, atapita picha za harusi ya binamu yake, atapita picha ya sahani ya samaki sambaza, kisha atainua macho na kusema, "Ilikuwa hapa." Ninyi vijana wa siku hizi muna vitu vingi ambavyo vilikuwa hapa.

Mimi nilikuwa sekretere wa shule ya sekondari hapa Goma, si mbali na Katindo. Nilianza nikiwa msichana mwembamba. Chekeni tu, lakini nilikuwa mwembamba. Nikaendelea hadi waliponipa kitenge, keki na hotuba ndefu, wakaniambia nikapumzike. Basi ninapumzika. Na mutu anayepumzika hana kazi nyingine isipokuwa kuwaeleza wenzake namna ya kufanya kazi.

Kazi yangu ilikuwa karatasi. Buletini za wanafunzi, zile ripoti za alama, mitihani, barua kwa wazazi, dosiye za wale wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa kwa Ekzeta, ule mtihani wa serikali. Nilianza na mashini ya kuandika, nzito kama ndama. Aliyenifundisha alikuwa Mama Régine, mjane mmoja mwenye sauti ndogo ambayo prefe mwenyewe, mkuu wa shule, aliiogopa. Alifunika mikono yangu kwa kitambaa cha jikoni ili nisione herufi. "Macho ni ya kusoma," alikuwa anasema. "Vidole njo vinaandika. Usichanganye kazi ya batu." Mitihani tuliikata kwenye stensili, ile karatasi yenye nta. Ukikosea herufi moja unapaka dawa nyekundu juu yake kama unayepaka kucha, unapuliza, unangoja ikauke, unaandika upya. Mume wangu hakuhitaji kalenda. Akiona vidole vyeusi vya wino kwenye sahani yake ya sombe, alijua juma la mitihani limefika.

Sasa ninyi munafuta neno kwa kugusa mara moja. Ndiyo maana munaandika ovyo.

Ordinatere, yaani kompyuta, zilipofika, tulidhani taabu imekwisha. Kumbe ilikuwa imebadilisha nguo tu. Kila kitu tulikihifadhi kwenye kle, kile kijiti kidogo unachochomeka ubavuni mwa mashini. Mwalimu wetu wa informatiki, Innocent, kijana mwenye akili nyingi na mifuko mingi, ndiye alikuwa anatembea na kle ya shule. Siku moja alisahau kuitoa mfukoni, suruali ikaenda kufuliwa. Mitihani ya muhula mzima ililoweshwa na sabuni, ikasuguliwa juu ya jiwe, ikaanikwa juani. Alikuja ofisini, mu biro yangu, akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama anayeshika panya.

"Mama, inaweza kupona?"

"Sijue," nikamwambia, "lakini iko safi kabisa."

Haikupona. Tuliandika upya mitihani yote, mimi ninapiga herufi, Innocent ananisomea, na kila alipopiga miayo nilimuuliza kama amefua kitu kingine.

Nafikiri ni sabuni ile iliyomfanya alete habari ya wingu. Alisimama mbele yetu mu chumba cha walimu, akaeleza kwamba tutaweka dosiye zote za shule mu wingu. Muzee Bauma, direktere wetu wa disiplini, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Huyu alikuwa mutu wa milima ya Masisi, mrefu, mnyamavu, funguo zote za shule zikiwa zimening'inia kiunoni mwake. Mwanafunzi mchelewaji alizisikia funguo zile kabla hajamwona mwenyewe, akaanza kukimbia.

"Wingu gani?" akauliza. "Ile ya juu ya mulima? Ile inatuleteaka majivu, sasa itaanza kuleta buletini?"

"Hapana, muzee. Ni ordinatere ya batu bengine, iko mbali sana. Tunaweka vitu vyetu kule, kisha tunavifungua na telefone yoyote, na ordinatere yoyote, popote tuko. Hata hii ya biro ikiharibika, vitu viko."

"Kwa hiyo siri za shule zitalala mu nyumba ya batu hatujue."

"Ziko na kufuli, muzee."

"Na funguo?"

"Funguo ni neno. Mo-de-pasi. Mwenye kuijua anaingia, mwenye haijue anabaki inje."

Nikaona macho ya Muzee Bauma yanang'aa. "Basi ile neno," akasema, "njo mimi nitaichagua."

Hakuna aliyebisha. Alienda pembeni na Innocent, akamnong'oneza, Innocent akabonyeza, na neno likaingia kifuani mwa Muzee Bauma kama jiwe linavyoingia ziwani. Mimi mwenyewe, sekretere, nilipotaka kuingia ilibidi nimwite aje aandike. Alikuwa anaweka mukono mmoja juu ya mwingine ili nisione. Mimi ni bibi ya watu, lakini alinifunika kama mutoto anayefunika jibu la hesabu.

Kisha ikaja kazi ya kupiga picha makaratasi. Tulitoa mabuletini kabatini, mwaka baada ya mwaka, tukayalaza kwenye meza karibu na mulango ambako kuna mwanga, mimi ninashikilia karatasi, Innocent anapiga na telefone. Upepo wa Ziwa Kivu hauheshimu serikali wala shule, ukitokea mutaa wa Himbi unaingia mulangoni bila hodi. Nilishikilia kwa nguvu. Kisha kila picha ilihitaji jina. Nilitaka jina la ukoo mbele, halafu darasa, halafu mwaka, namna Mama Régine alivyopanga kabati. Innocent alisema, "Mama, tutapanga nyuma," maana yake baadaye. Ninyi vijana muna nyumba kubwa sana inaitwa Nyuma, na ndani yake munaweka kila kitu.

Hatukupanga. Mulima ulitema moto.

Ninyi wa Goma sina haja ya kuwaambia. Lava ilishuka upande wa Buhene, ikameza nyumba, ikasimama. Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka, kuta zikapasuka, tukaambiwa tuondoke mjini. Barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba mabibi wazee. Shule yetu haikuguswa. Ilibaki imefungwa, kabati ndani yake, funguo kiunoni mwa Muzee Bauma, na Muzee Bauma mwenyewe yuko Sake, kwenye kiwanja cha kanisa, amekaa juu ya bidon ya maji. Mimi nilipokelewa na shemeji yangu palepale Sake, mutaa wa jirani. Innocent alivuka mpaka akaenda kwa shangazi yake Gisenyi.

Asubuhi moja nilikuwa natoka kuchota maji, msichana mmoja akanisimamisha. Alivaa kandambili zisizofanana.

"Jambo, Mama Sekretere. Munanikumbuka? Mimi Neema, nilisoma biologie-chimie."

Nilimkumbuka. Mutoto mtulivu, alikuwa anakaa safu ya mbele na kuazima kalamu.

"Mulilala muzuri?" nikamuuliza, nikaona haya kwa kuuliza.

"Nyumba yetu ilikuwa Buhene," akasema. "Mama alitoka na sufuria na mdogo wangu. Bingine byote biko chini ya jiwe."

Alilisema bila kutikisika, kama anayesoma tangazo. Kisha akaeleza shida yake. Shule moja ya wauguzi kule Bukavu ilikuwa imemweka kwenye orodha ya kungoja, na sasa kuna msichana ameacha, nafasi iko. Wanataka buletini zake za miaka miwili ya mwisho. Wanazitaka kabla ya Ijumaa, la sivyo watampa mwingine. Zake zimeungua. Za shule ziko Goma, na barabara ya kurudi Goma imefungwa.

"Mama, nilisikia mulipiga picha makaratasi," akasema. "Banasema inafungukaka na telefone yoyote. Niko na telefone."

Aliitoa. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, lakini kiliwaka. Mimi niliijua adresi ya shule. Nikaiandika. Ikaomba neno la siri.

Tukaenda kwa Muzee Bauma. Tulimkuta ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, amezungukwa na watu wanaopika, wanaofua, wanaobembeleza watoto. Nilimweleza. Alimtazama Neema kwa muda, akafuta sabuni shavuni.

"Leteni hiyo telefone, niandike."

Akaishika mbali, akaishika karibu. Akakunja uso. Miwani yake ilikuwa imebaki Goma, mu mtoto wa meza.

"Basi muzee aniambie, niandike mimi," nikasema.

"Mama Sekretere, hapa kuna batu."

"Nisemeeni mu sikio."

Akainama, akanong'ona. Saa ileile pikipiki ikapita na mzigo wa makaa. Sikusikia kitu.

"Nini?"

Akanong'ona tena. Mutoto akalia.

"Muzee, Ijumaa iko karibu!"

"BIHOGO!" akapaza sauti Muzee Bauma, yule mutu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusema neno moja zaidi ya lililohitajika. "Bihogo! B kubwa!"

Kiwanja chote kikageuka. Muzee mwingine, mchungaji wa ng'ombe, naye alikuwa ametoroka, akauliza kwa upole, "Bihogo wako yuko wapi?"

"Alikufa zamani," akajibu Muzee Bauma, kiwembe mukononi. "Ng'ombe wangu wa kwanza. Maziwa yake njo yalisomesha batoto yangu."

"Pole."

"Asante."

Watu walirudi kwenye sufuria zao kwa heshima. Mimi niliandika Bihogo, B kubwa, nikiuma midomo. Tulizoea kusema moyo wa yule muzee ni kufuli. Kumbe ndani kulikuwa na ng'ombe.

Hatukuwa tumefika. Mashini ikaona telefone ngeni, mahali pageni, ikashtuka. Ikasema imetuma kodi, namba za kuthibitisha ni sisi, kwa telefone ya Innocent. Sikilizeni vizuri hapa, maana hili ndilo munalolipuuza. Kufuli ya pili ni kitu kizuri sana, inazuia wezi. Lakini ukiweka funguo ya kufuli hiyo kwa mutu mmoja, na mutu huyo akavuka mpaka, wewe mwenyewe unageuka mwizi mulangoni pako.

Nilimpigia Innocent kwa namba yake ya Rwanda. Laini yake ya Kongo haikuwa na rezo nyumbani kwa shangazi, ilishika tu ukikaribia mpaka. Nikamwambia, "Baba, vaa viatu." Alikwenda. Tulimsikia anapumua. Tukaomba kodi upya, ikafika, akaanza kuisoma, simu ikakatika. Alipopatikana tena kodi ilikuwa imeisha muda. Tukaomba nyingine. Akasoma kwa Kifaransa kwa kasi ya mutangazaji wa mpira, nikaandika, ikakataa. Akasoma tena, ikakataa.

"Innocent, unasoma nini?"

Ikaja sauti ndogo: "Aa, pole, Mama. Hii ni matangazo ya mega."

Alikuwa anatusomea namba ya kununua mega za intaneti za bei rahisi. Muzee Bauma alinyosha mukono kuomba telefone, nikamnyima, maana niliogopa atakachomwambia. "Soma ile ya chini yake," nikasema. "Polepole. Kama unamsomea Bihogo." Akasoma. Nikaandika. Mulango ukafunguka.

Na ndani ya nyumba? Ndani ilikuwa ile Nyuma yao. Picha, Picha bis, Picha ya kweli, Picha ya kweli ya mwisho. Neema alikaa chini kando yangu, tukaanza kufungua moja moja, na kila moja ilishuka polepole kama mutu mwenye goti baya. Tulikutana na buletini za watu waliokwishaolewa. Tulikutana na orodha ya viti vilivyovunjika. Chaji ya telefone ilikuwa inapungua, na Neema alikuwa haangalii tena picha, anaangalia alama ya betri. Nikamuuliza kama mwalimu wake alikuwa anaandika jina lake namna gani. "Alikuwa anasahau e moja," akasema. Lile wingu linasoma hata maneno yaliyo ndani ya picha, basi nikatafuta Nema.

Ikaja. Kwanza kichwa cha karatasi, kisha jina, kisha alama zake, kisha mhuri wa shule. Na pembeni, likiwa limekaa kwa raha zote juu ya kona ya karatasi, dole gumba kubwa lenye pete.

"Mama," akasema Neema, "hiki kidole?"

"Ni changu. Kulikuwa na upepo."

Alicheka. Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo na kicheko kikageuka. Tangu watoke Buhene, mama yake aliniambia baadaye, mutoto yule hakuwa ametoa chozi. Alikuwa anabeba maji, anabeba mdogo wake, anasema bingine byote biko chini ya jiwe. Sasa alilia akiwa ameshika ile telefone iliyopasuka kwa mikono miwili. "Kumbe bado niko mahali," akasema. Muzee Bauma alisimama mbele yetu na mgongo wake mpana ili watu wasimtazame.

Tuliipata na ile ya mwaka mwingine. Tukazituma kwa mjomba wake Bukavu, akazichapisha, akazipeleka shuleni kwa miguu yake. Karatasi iliyopigwa picha Goma, ikafunguliwa Sake, ikachapwa Bukavu, na mwenye karatasi bado hajapata viatu vinavyofanana. Alhamisi sekretere wa kule alinipigia simu.

"Mama, buletini tumepata. Lakini hiki kidole ni cha nani?"

"Cha sekretere wa shule."

"Siku nyingine, Mama, wekeni jiwe."

Ni shauri zuri. Nawapa na ninyi: wekeni jiwe. Katika mji wetu mawe hayakosekani.

Neema alipata nafasi yake. Tuliporudi Goma, shule ikampelekea za asili, na Innocent akabadilisha neno la siri, kwa sababu kiwanja kizima cha kanisa kilikuwa kinalijua. Muzee Bauma alichagua jingine. Ninashuku ni ndama wa Bihogo, lakini sikuuliza. Kodi sasa zinafika kwa telefone mbili, na Nyuma tuliibomoa: tulikaa na Innocent likizo nzima tukipa kila picha jina, ukoo mbele. Hakupiga miayo hata mara moja. Neema leo ni muuguzi upande wa Rutshuru. Akishuka mjini anapita kwangu, anapima presha yangu, ananigombeza kuhusu chumvi. Nilimsaidia apate kazi ya kunigombeza.

Musidhani baada ya hapo tulikuwa werevu. Mwalimu mmoja wa jiografia, telefone yake ilipojaa, alifuta "haya makaratasi ya shule" ili apate nafasi ya picha. Aliyafuta kwake, yakatoweka kwa wote. Prefe alipiga kelele, mimi nikakaa. Kulikuwa na kikapu cha takataka mule ndani, nacho hakimwagwi mara moja, na makaratasi yote yalikuwa yamelala humo yanatungoja. Tangu siku hiyo walimu wanaruhusiwa kusoma tu. Ukimpa mutu haki ya kuona, si lazima umpe haki ya kufuta. Hata katika ndoa ni hivyo.

Siku yangu ya mwisho kazini, baada ya keki, nilikaa na Esther, binti aliyechukua kiti changu. Nilimwonyesha kila chumba cha lile wingu. Nikamwambia: watu watakuja mulangoni na maneno matamu, wazazi, walimu, hata prefe, wakitaka uwaachie waingie wajitafutie. Usiwaachie. Uliza jina la mwanafunzi, tafuta wewe. Akaandika yote, mutoto mwenye bidii, akaogopa kidogo. Kisha Innocent, ambaye siku hizi ana mvi mbili anazozificha, akasema kwa aibu kwamba sheria ya shule inataka aliyestaafu aondolewe. "Ondoa," nikamwambia. "Haiumi, si nywele zako."

Juma lililofuata nilikuwa nyumbani, sina la kufanya. Nikachukua telefone, nikagusa dosiye ya shule, kwa mazoea tu, kama mutu anayeingia jikoni bila njaa. Ikaniandikia kwamba sina ruhusa. Nikakaa nikiangalia neno hilo. Maisha yangu yote ni mimi niliyelisema kwa wengine. Chini yake palikuwa na mahali pa kuomba ruhusa. Nikagusa.

Esther alinijibu saa ileile, kwa ujumbe.

"Jambo, Mama Zaina. Mutaniwia radhi, siwezi kuwafungulia. Munatafuta mwanafunzi gani? Semeni jina, mimi nitatafuta."

Sikuwa natafuta mwanafunzi yeyote. Nilimwandikia asante, nikaweka telefone mezani, nikajimiminia chai. Hakunifungulia, yule binti. Nilicheka hadi chai ikapoa.